Vita havimkomazi kijana, vinambadilishia watu wa kuwaamini

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, naomba tuijadili kwa utulivu kauli inayorudiwa kila vita vinapozungumzwa, kwamba vita humkomaza kijana. Husemwa na wazee, husemwa na viongozi wanaotaka kuandikisha askari, na mara nyingine husemwa na vijana wenyewe wanaosubiri zamu yao. Mimi siikubali. Silipingi jeshi wala siwavunjii heshima wanaolitumikia, lakini kwa jinsi nilivyosoma na kwa jinsi nilivyowasikiliza waliopigana, naona kwamba jambo kubwa linalompata kijana vitani ni kubadilishiwa watu wa kuwaamini. Anakwenda akiwaamini watu fulani na maneno fulani, anarudi akiwaamini wengine kabisa, na yale tunayoyaona kwake baadaye, yaani ukimya, ukali, kutoshangazwa na lolote, au hata upole usio wa kawaida, kwa sehemu kubwa yanatokana na hapo.

Tuanze na yule anayekwenda. Kwa kawaida ana miaka kati ya 18 na 22. Majeshi huupenda umri huo kwa sababu zinazojulikana: mwili una nguvu, majeraha hupona upesi, mke na watoto mara nyingi bado hawajapatikana. Ipo sababu nyingine isiyotajwa sana. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na matokeo ya mbali, huendelea kukua mpaka mtu afikie kiasi cha miaka 25, na kijana wa miaka 19 anaweza kuambiwa mara mia kwamba watu hufa vitani bila kuamini moyoni mwake kwamba naye anaweza kuwa mmoja wao. Zaidi ya hayo, karibu kila anachokijua kuhusu vita amekipokea kutoka kwa watu wazima: mwalimu, mzazi, kiongozi, mwanajeshi anayevishwa nishani mbele ya umati. Imani anayokwenda nayo ni ya kuazima, na hilo si kosa lake, maana hakuna njia nyingine ya kuwa na imani kuhusu jambo ambalo mtu hajalipitia.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, mamia ya maelfu ya vijana wa Uingereza walijitokeza kwa hiari yao. Kanuni ilitaka mtu awe na miaka 18 ndipo aandikishwe, na miaka 19 ndipo apelekwe ng'ambo, lakini wengi walidanganya umri na waandikishaji hawakuuliza sana. Waliahidiwa kwamba wanaojiandikisha pamoja watapigana pamoja, hivyo vikaundwa vikosi vya vijana wa mji mmoja, mtaa mmoja, mahali pamoja pa kazi. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa kuuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kutojulikana walipo, na kati yao 19,240 walikufa. Vijana walikuwa wamehakikishiwa kwamba mizinga iliyopiga kwa siku saba mfululizo imekwisha kukata seng'enge na kunyamazisha bunduki za rashasha za adui. Katika sehemu nyingi za mstari ule haikuwa hivyo. Aliyenusurika siku ile hakujifunza ujasiri, kwani ujasiri alikwenda nao. Alijifunza kwamba mtu mwenye cheo, mwenye ramani na mwenye uhakika sautini anaweza kukosea kabisa, na kwamba gharama ya kosa lake hulipwa na mwingine. Na kwa sababu ya namna vile vikosi vilivyoundwa, waliokufa pembeni yake hawakuwa wageni, bali ni watoto aliocheza nao.

Lipo somo la pili ambalo naliona gumu kuliko hilo, na halizungumzwi vya kutosha. Karibu sote tumelelewa tukiamini kwamba juhudi huzaa matunda, kwamba mwenye hadhari hudumu na mzembe huangamia. Mafunzo ya kijeshi yanaikazia imani hiyo: safisha silaha yako, chimba handaki lako vizuri, fuata amri, nawe utapona. Kiasi fulani ni kweli. Lakini kombora likianguka halimchagui mzembe. Anayekufa ni yule askari bora wa kikosi, aliyetoka kidogo tu kwenda kuchota maji, na anayepona ni yule aliyelala kwenye zamu. Kijana anapoliona hilo mara kadhaa, kitu ndani yake hulegea. Wengine huanza kushika hirizi, sarafu au picha, na kukataa kabisa kuiacha, hata wale ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwacheka wenye imani hizo. Wengine huacha kupanga lolote lililo mbele ya mlo unaofuata. Ule mtindo wa kuishi saa kwa saa unamsaidia sana akiwa mstari wa mbele, kwa sababu mwenye kuwaza mwaka ujao hupata hofu nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba hauondoki siku anapovua sare.

Sasa, wakati imani kwa wakubwa na kwa mpangilio wa dunia inapopungua, ipo imani moja inayokua kwa kasi ya ajabu, nayo ni imani kwa wale wachache walio karibu naye. Ninaposema wachache nina maana ya watu wanane, kumi, kumi na wawili, wale wanaolala, kula na kulinda pamoja. Baada ya miezi michache kijana hapigani tena kwa ajili ya yale aliyoyasikia kwenye hotuba, anapigana ili mwenzake wa kushoto asibaki peke yake. Majeshi yanalijua hili na yanalitegemea.

Mfano unaoonyesha pande zote mbili kwa pamoja ni ule wa jeshi la Ufaransa mwaka 1917. Mwezi Aprili Jenerali Nivelle alianzisha mashambulizi makubwa katika eneo la Chemin des Dames, kaskazini mwa Ufaransa, akiahidi kuvunja mstari wa Wajerumani ndani ya siku mbili. Yalishindwa kwa gharama ya kutisha, na kati ya Mei na Juni karibu nusu ya divisheni za jeshi lile zilipata uasi wa aina fulani. Lakini ukiangalia walichokidai, utaona kwamba wengi wao hawakukimbia wala hawakuifungulia Ujerumani njia. Walisema kwamba wataendelea kulinda mahandaki yao, ila hawatakwenda tena kushambulia bila maana. Wakaomba likizo, chakula cha heshima na maisha yao yasitumiwe ovyo. Imani yao kwa wenzao ilikuwa imara, na nadhani hata imani kwa nchi yao ilikuwepo. Iliyovunjika ni imani kwa waliotoa amri. Jenerali Pétain alipochukua nafasi ya Nivelle alisimamisha mashambulizi makubwa na kurekebisha likizo na chakula, ingawa pia aliwapiga risasi baadhi ya waasi. Jeshi likasimama tena.

Nimesema mengi, naomba niwaachie wengine nafasi. Ninachotaka kujua kutoka kwenu ni kama mnaliona hivi, au kama kuna jambo kubwa zaidi ambalo nimeliruka.

Mchangiaji wa kwanza, askari mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika kwa heshima nami nitakujibu kwa heshima. Nimepigana nikiwa kijana, sitasema wapi wala lini, na nakubaliana nawe kwa sehemu.

Kuhusu wakubwa, nakuomba utofautishe. Jenerali aliye mbali ni jina tu, na kijana hawezi kuvunjwa imani na mtu asiyemjua. Anayemvunja au kumjenga ni luteni na sajini wake. Ofisa anayekula baada ya askari wake kula, anayekubali kusema "sijui" wakati hajui, na anayekwenda mbele wakati anawaambia watu waende mbele, huyo huaminiwa kuliko mzazi, na nimewaona watu wakiwalilia wakubwa wa namna hiyo kuliko walivyowalilia ndugu zao. Kwa hiyo imani kwa wenye vyeo haifi yote, bali inakuwa ya kuchagua mno. Tangu nilipotoka jeshini simwamini mtu kwa cheo chake wala kwa maneno yake mazuri, namtazama kwanza anavyofanya kunapokuwa na ugumu. Watu huniita mgumu wa moyo kwa sababu hiyo.

Jambo uliloliruka ni hofu. Watu wa nje wanadhani hofu kubwa ya askari kijana ni kufa. Kabla ya mapigano ya kwanza, hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba nitawaaibisha wenzangu, kwamba mikono itatetemeka wakati wananitegemea. Hofu ya kufa ilikuja baadaye, na ilikuja polepole, baada ya kuona.

Jambo jingine ni adui. Ukiwa mafunzoni adui hana uso. Siku unapopekua mifuko ya aliyekufa ili kutafuta karatasi za kiintelijensia na ukakuta barua yenye mwandiko wa mtoto, ana uso tayari, na huwezi kumwondolea. Lakini nisiwadanganye wasomaji kwa kuwafanya waamini kwamba basi unampenda. Rafiki yangu wa karibu alipouawa, nilimchukia adui kwa chuki ambayo sikujua kwamba ninayo, na vyote viwili, ile huruma na ile chuki, vilikaa ndani ya mtu mmoja katika mwezi uleule. Kilichonichosha zaidi ni kuvibeba vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Marekebisho yako kuhusu luteni na sajini nayapokea yote.

Kuhusu uso wa adui, historia inakuunga mkono. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1914, katika sehemu nyingi za mstari wa magharibi, askari wa Uingereza na wa Ujerumani walitoka kwenye mahandaki, wakazika maiti zao, wakabadilishana sigara na vifungo vya sare, wakaimba. Makamanda wa juu walikasirika na wakatoa amri kali ili jambo hilo lisirudiwe, na miaka iliyofuata halikutokea tena kwa ukubwa ule. Nadhani walielewa kwamba kijana akishamwona adui akicheka, kumpiga risasi kunahitaji nguvu nyingine.

Na kumpiga risasi si jambo jepesi kama watu wanavyodhani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ofisa mmoja wa Marekani, S. L. A. Marshall, alidai kwamba katika mapigano ni askari 15 hadi 25 tu kati ya 100 waliofyatua silaha zao. Wanahistoria wamezipinga vikali takwimu zake na namna alivyozipata, nami sizitegemei. Hata hivyo majeshi yalibadilisha mafunzo. Shabaha za duara zikaacha nafasi kwa shabaha zenye umbo la mtu, zinazochomoza ghafla na kuanguka zinapopigwa, ili kijana azoee kupiga kabla ya kufikiri. Kinachonisumbua ni kwamba mafunzo hayo yanamfundisha kijana kutenda kabla ya kufikiri, lakini hakuna mafunzo yanayolingana nayo ya kumsaidia wakati fikra zinapofika baadaye, usiku, pengine baada ya miaka. Kwa maoni yangu hilo ni deni ambalo majeshi yote yanadaiwa.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa historia

Naomba niongeze upande ambao hoja ya ndugu mwanzisha uzi inaweza kuusahau. Tukisoma tu kuhusu waasi wa 1917 na Krismasi ya 1914 tunaweza kufikia hitimisho kwamba vita humfanya kijana aichukie vita. Wengine, ndiyo. Wengine vita viliwafanya wasiweze kuishi bila vita.

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1918, vijana wengi waliokuwa wamekulia kwenye mahandaki hawakurudi kwenye kazi za kawaida. Walijiunga na vikosi vya kujitolea vilivyoitwa Freikorps, ambavyo mwaka 1919 vilizima maasi ya mrengo wa kushoto kwa ukatili mkubwa, na viongozi wa mrengo huo, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, waliuawa na askari wa vikosi hivyo mjini Berlin Januari mwaka huo. Vijana wale nao walikuwa wamehamisha imani yao kutoka kwa watawala kwenda kwa wenzao wa kikosi, kama alivyoeleza mwanzisha uzi, lakini matokeo yalikuwa kwamba yeyote asiye wa kikosi hakuwa na thamani mbele yao. Imani ileile inayomfanya mtu ajitoe mhanga kwa mwenzake inaweza kumfanya asimwonee huruma mwingine yeyote.

Upo na mfano wa tatu, ambao haumo katika kundi la wapenda amani wala la wapenda vita. Waruhiu Itote, kijana wa Kenya, alijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1942 akiwa na miaka kama 20, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Amesimulia mwenyewe jinsi mazungumzo na askari wa mataifa mengine kule yalivyomfanya ajiulize anapigania uhuru wa nani. Huko askari Mwafrika aliwaona wazungu wakiogopa, wakiumwa na kufa kama yeye, na aliona kwamba dola iliyodhaniwa haishindiki inaweza kushindwa, kwa sababu Wajapani walikuwa wameshaitwaa Singapore na Burma kutoka kwa Waingereza mwaka 1942. Itote alirudi Kenya, na baadaye akawa mmoja wa makamanda wa Mau Mau, akijulikana kwa jina la Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Yeye hakupoteza imani tu na kubaki mtupu. Aliondoa imani yake mahali alipoambiwa aiweke, akaiweka mahali alipopachagua mwenyewe, na ujuzi wa kijeshi aliopewa na mtawala ukamgeukia mtawala.

Kwa hiyo mimi ningesema kwamba vita huivunja ile imani ya kuazima, lakini haviamui nini kitakachokaa pale. Hilo huamuliwa na anachokikuta anaporudi.

Mchangiaji wa tatu, ndugu wa askari

Nimesoma yote kwa makini, na sentensi ya mwisho ya mwalimu ndiyo iliyonifanya niandike. Mdogo wangu alirudi. Mwili wake ni mzima kabisa, na kila mtu alitupongeza. Lakini haketi tena akiupa mlango mgongo. Mazungumzo ya nyumbani, nani kamkosea nani, bei zimepanda, fulani hakuja kwenye sherehe, yanamkera kiasi kwamba huondoka mezani, kisha hurudi na kuomba radhi. Hucheka tu anapozungumza kwa simu na wenzake wa kikosi. Nakiri kwamba nilikuwa nawaonea wivu watu hao ambao sijawahi hata kuwaona. Wageni humuuliza ameua watu wangapi, naye hujibu kwa tabasamu ambalo si lake. Je, huu ni ugonjwa, au ndiye mtu mpya ambaye tunapaswa kumzoea? Na sisi wa nyumbani tufanye nini?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole, na pole kwake pia. Mimi si daktari, kwa hiyo nitaeleza kinachojulikana kisha nitasema maoni yangu.

Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu askari waliopoteza uwezo wa kuona vizuri, kunusa au kukumbuka bila jeraha linaloonekana. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba milipuko ya makombora huutikisa ubongo, lakini ikaonekana kwamba hata askari ambao hawakuwa karibu na mlipuko wowote walipata hali hiyo. Wakati uleule, wengine wenye dalili kama hizo walihesabiwa kuwa waoga. Uingereza iliwapiga risasi mamia ya askari wake kwa kutoroka, uoga na makosa mengine ya aina hiyo katika vita vile, na 306 kati yao walisamehewa kwa sheria mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Ilichukua mpaka 1980 ndipo wataalamu wa akili wa Marekani walipoiweka hali ya kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha katika orodha yao rasmi ya magonjwa, na hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na shinikizo la askari waliorudi kutoka Vietnam pamoja na madaktari waliowasikiliza. Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu: kama halali, kama tukio linamrudia kana kwamba linatokea sasa, kama anashtuka na kukasirika kwa namna asiyoweza kuizuia na hali hiyo inaendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja, basi ni ugonjwa unaotibika, na anapaswa kumwona mtaalamu bila aibu yoyote. Akizungumzia kufa au kujidhuru, msisubiri hata siku moja.

Lakini si kila kinachomsumbua ni hofu iliyobaki. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa vita vya Vietnam kwa miaka mingi huko Boston, alionyesha kwamba wengi wao waliumizwa na jambo jingine, ambalo naweza kuliita jeraha la dhamiri: kuona haki ikisalitiwa na mtu mwenye mamlaka wakati maisha ya watu yako hatarini. Wataalamu waliomfuata wameongeza hali ya mtu kubeba jambo alilolifanya mwenyewe, au alilolishuhudia bila kulizuia, ambalo linapingana na anachokiamini. Dawa ya usingizi haiwezi kuligusa jeraha hilo. Kwa sababu hiyo nasisitiza suala la imani kuliko suala la woga.

Kuhusu kurudi nyumbani, angalia jinsi vita vile vya Vietnam vilivyopangwa. Askari wa nchi kavu wa Marekani kwa kawaida alitumikia mwaka mmoja, na mara nyingi alikwenda na kurudi peke yake, si pamoja na kikosi chake. Baba zake wa Vita vya Pili vya Dunia wengi walirudi kwa meli, wiki kadhaa baharini, wakiwa na wenzao wa kuzungumza nao. Yeye aliweza kuwa vitani Jumatatu na kuwa kwenye meza ya mama yake kabla ya wiki kwisha, huku wale pekee aliowaamini wakiwa wamebaki nyuma na pengine wanauawa wakati yeye anakula. Sioni ajabu kwamba Aprili 1971 mamia ya waliorudi walikwenda mjini Washington wakazitupa nishani zao mbele ya jengo la Bunge. Walikuwa wakiirudisha imani waliyokuwa wamepewa.

Tufanye nini nyumbani? Nawaomba wote wanaosoma hapa waliache kabisa lile swali la idadi ya waliouawa. Anayeuliza anataka hadithi, na anayeulizwa anatakiwa ama ajisifu ama akiri, mbele ya watu ambao hajaamua kama anawaamini. Wivu wako kwa wenzake naufahamu, lakini usimtenge nao, wakaribisheni nyumbani. Na mpeni muda ambao hauna mwisho uliopangwa. Harry Patch, askari Mwingereza aliyejeruhiwa karibu na Passchendaele, Ubelgiji, mwaka 1917 na mlipuko uliowaua rafiki zake watatu, hakuzungumza hadharani kuhusu vita hivyo hadi alipovuka miaka 100. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 111. Sisemi kwamba nanyi msubiri kiasi hicho, nasema tu kwamba ukimya wa mtu si lazima uwe chuki kwenu.

Mchangiaji wa nne

Shikamooni wakubwa wangu. Nina miaka 19 na nimeshachukua fomu za kujiunga. Nyote mmezungumza kuhusu sisi, hakuna aliyezungumza nasi. Mnataka nisiende?

Mchangiaji wa kwanza, askari mstaafu

Marahaba mwanangu. Sitakuambia usiende, kwa sababu mimi nilikwenda, na wapo watu walio hai leo kwa sababu kikosi chetu kilikuwa pale. Nchi isiyo na wa kuilinda iko katika hatari, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa wasiojali.

Nakuomba tu ujiulize unakwenda kutafuta nini. Kama ni kazi, nidhamu, ujuzi, au kulinda watu, mambo hayo yapo na utayapata. Kama unakwenda ili urudi ukiwa mtu wa kuheshimiwa, fahamu kwamba heshima utakayopewa itakuwa ya mambo ambayo wewe mwenyewe hutapenda kuyakumbuka, na yale unayoyaona ya maana zaidi, kama kumvuta mwenzako aliyejeruhiwa usiku kucha, pengine hayatajulikana na mtu. Jambo la pili, kabla hujaondoka mchague mtu mmoja wa nyumbani, na umwahidi kwamba huyo hutamdanganya kuhusu hali yako, hata kama wengine wote utawaambia kwamba uko salama. Mimi sikuwa naye. Wenzangu waliokuwa naye naona walirudi vizuri kuliko mimi.

Mwanzisha uzi

Mwanangu, ni kweli tulikuwa tunazungumza pembeni yako, na umefanya vizuri kutusahihisha. Sina la kuongeza katika ushauri wa mzee isipokuwa moja linalohusu umri, kwa kuwa wapo wadogo zako wanaosoma.

Wewe una miaka 19, umekwisha kuwa na namna yako ya kuiona dunia, na vita vikiitikisa utakuwa na kitu cha kukirudia na kukilinganisha nacho. Mtoto wa miaka 13 anayepewa bunduki na kundi la waasi hana hicho. Kamanda wake ndiye mzazi wake, kikosi ndicho nyumba yake, na hajawahi kuwaamini watu wengine kwa muda wa kutosha ili aweze kurudi kwao. Kwake yeye hoja yangu yote ya kuhamishwa kwa imani haitoshi, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuihamisha kutoka. Wanaowalea watoto hao baada ya vita hulazimika kuanza na mambo ya mwanzo kabisa, kama kuamini kwamba mtu mzima anaweza kutoa chakula bila kudai kitu.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Mei 2000, na kuanza kutumika Februari 2002, inazitaka nchi wanachama zichukue kila hatua inayowezekana kuhakikisha kwamba askari wao walio chini ya miaka 18 hawashiriki moja kwa moja katika mapigano, na inayakataza makundi yenye silaha yasiyo ya serikali kuwaandikisha kabisa. Hata hivyo bado inaziruhusu serikali kumpokea kwa hiari yake kijana wa miaka 16 au 17, kwa masharti fulani kama ridhaa ya mzazi. Kwa yote tuliyoyasema hapa kuhusu imani ya kuazima, mimi naona ruhusa hiyo haifai, na ningependa kusikia kutoka kwa mwalimu na kwa mzee kama kuna sababu ya kweli ya kuibakiza.